Kigugumizi: ‘ki-’ ya kilema au ‘ki-’ ya Kisagalla?

Magazeti yetu ya Kiswahili, na hili likiwemo, yamejaa kigugumizi. Waziri akichelewa kujibu swali bungeni, tunaandika kuwa amepata kigugumizi. Polisi wakikataa kutaja washukiwa, wameshikwa na kigugumizi. Gavana akiulizwa fedha za barabara zilikokwenda, naye pia kinamkaba. Mhariri hulipenda neno hili kwa kuwa lina mlio na linajaza kichwa cha habari vizuri. Ila tukilipima tutaona kwamba tumeligeuza kuwa jina la woga, ujanja na hila.

Mwenye kigugumizi cha vichwa vya habari analijua jibu lakini hataki kulitoa. Mwenye kigugumizi cha kweli analijua jibu, anataka kulitoa, na hana la kuficha; ni sauti tu ambayo haijakubali kutoka. Wawili hawa wanafanana kwa kimya chao basi, wala si kwa jambo jingine. Lakini sisi tunaosikiliza tumezoea kukifasiri kimya hicho kwa njia moja: huyu ana lake jambo.

Nimeanza na vichwa vya habari kwa sababu swali ninalotaka tulijadili leo, yaani kama kigugumizi ni ulemavu au la, aghalabu huachiwa madaktari na maafisa wa serikali. Nadhani ni swali la lugha vilevile. Jibu lake linategemea tunavyolitumia neno lenyewe, tunavyofundisha kusema, na zaidi ya yote, tunavyosikiliza.

Hebu tuanze na sarufi. Kiswahili kina kiambishi ki- kinachojitokeza katika majina ya watu wenye upungufu fulani wa mwili: kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, kibiongo, kilema. Wapo wataalamu waliolalamika, na kwa haki, kwamba kiambishi hicho humshusha mtu akakaa pamoja na viti na vijiko. Ndiyo maana siku hizi tunahimizwa kusema mtu mwenye ulemavu wa macho, au mtu asiyesikia. Lakini kuna ki- nyingine isiyomdunisha mtu. Hii ni ki- ya namna: kiungwana, kitoto, kizee. Ndiyo pia ki- ya lugha: Kiswahili, Kigiriama, Kidawida, Kisagalla. Je, kigugumizi kina ki- ipi?

Tazama upatanisho. Kipofu amefika, kiziwi ameketi; hawa ni watu, na kitenzi kinawapa heshima ya utu japo jina limewanyima. Kigugumizi hakiendi hivyo. Tunasema kigugumizi kimemshika, kigugumizi kimemwachilia. Kiswahili sanifu hakimwiti mtu kigugumizi. Kinasema ana kigugumizi. Kinatambua kwamba hili ni jambo linalokuja na kuondoka, na kwamba mtu yupo kabla halijaja na atakuwapo likishaondoka. Kipofu hawi kipofu saa nne asubuhi tu, halafu saa sita akaona. Mwenye kigugumizi anaweza kushindwa kusema ‘hodi’ mlangoni, na nusu saa baadaye akaimba ubeti mzima kanisani bila kujikwaa.

Sisi wa Sagalla, mlima ulio kusini mwa mji wa Voi, tunafahamu maana ya kuwa na usemi ambao wengine wanauona kuwa upungufu wa usemi wao. Mmishonari J. A. Wray alifika mlimani mwaka wa 1883. Mwaka wa 1894 alichapisha kitabu cha utangulizi wa lugha aliyoisikia huko, akaiita lugha ya Taita. Tangu hapo Kisagalla kimekuwa kikifunikwa na jina la jirani. Wanaisimu wanakitofautisha na Kidawida, na yeyote anayekijua Kigiriama atasikia udugu wake, ila Msagalla akishuka Voi bado huambiwa kwamba anasema Kitaita ‘kibaya’. Usemi wake si mbovu hata kidogo. Umepimwa tu kwa kipimo kisicho chake. Basi tulishike jambo hili, maana tutalihitaji tukifika shuleni.

Kabla ya hapo, tukubaliane kwanza kigugumizi ni kitu gani. Si upungufu wa akili. Hakitokani na mtoto kuiga mwenzake, wala hakiletwi na kujua lugha mbili au tatu, jambo ambalo kwetu Taita Taveta lingetugeuza sote kuwa wagonjwa. Woga hukizidisha, lakini si woga unaokizaa. Utafiti wa miongo mingi unaonyesha kwamba kina mizizi katika jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na kwamba mara nyingi hupita katika familia. Huanza aghalabu kati ya umri wa miaka 2 na 5. Watoto wengi huachana nacho wenyewe. Kati ya watu wazima, takriban 1 kwa kila 100 hubaki nacho, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, karibu wanne kwa mmoja.

Ajabu yake ni kwamba hutulia pale usemi unapobadilika sura. Mtu huyu akiimba, kinatoweka. Akisoma kwa sauti pamoja na wenzake darasani, kinatoweka. Akizungumza na mbuzi wake au na mtoto mchanga, hupungua sana. Kinarudi kwa nguvu pale anapokabiliana na msikilizaji anayengoja jibu: karani dirishani, jopo la mahojiano, sauti ya mtu asiyemwona kwenye simu. Kwa maneno mengine, huwezi kukieleza kigugumizi kikamilifu kwa kumtazama msemaji peke yake. Sharti umtazame na anayesikiliza.

Katika Kiswahili kina tabia zake. Mara nyingi kigugumizi hushika mwanzo wa neno, na mwanzo wa neno la Kiswahili huwa ni kiambishi: ni-, wa-, ki-, m-. Mtu anakwama mlangoni hata kabla ya kufika kwenye mzizi. Naye hujifunza kukwepa. Akihisi kwamba neno litamkaba, analiacha na kushika kisawe chake. Ndovu akikataa kutoka, anakimbilia tembo, ingawa kwetu Pwani neno hilo lina harufu ya mnazi. Watu hawa huwa na hazina kubwa ya visawe ambayo hakuna mwalimu aliyewafundisha. Si jambo geni. Wasil bin Ata, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka wa 748, alikuwa na kasoro katika kutamka herufi ya ‘r’. Akajizoeza kuikwepa, na hotuba yake isiyokuwa na herufi hiyo hata mara moja imehifadhiwa hadi leo kama mfano wa ufundi wa lugha.

Lakini Kiswahili kinamtoza faini mkwepaji. Mwanafunzi anaanza, “Mwalimu, nipe kile...” akikusudia kitabu. Neno linagoma. Anakimbilia daftari, na hapo darasa zima linasikia “kile daftari” na kuangua kicheko. Mwalimu anaandika kwamba mtoto hajui ngeli. Kumbe ngeli anazijua barabara. Ametia ile ya neno alilokusudia, na neno lenyewe likamkimbia. Kosa lile si la ujinga. Ni alama ya nyayo za mtu aliyekuwa akikimbia.

Neno lisilokwepeka ni jina la mtu mwenyewe, kwa kuwa halina kisawe. Nimeishi na kigugumizi tangu utotoni, na majina yetu mengi kule milimani huanza na Mwa-: midomo inafumba kabla ya kufunguka, na ikishafumba huenda isifunguke upesi. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi moja mjini. Swali la kwanza lilikuwa jina langu. Nikakwama. Mmoja wa waliokuwa mezani akatabasamu na kuuliza, “Kwani umelisahau?” Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha kirafiki tu. Maswali yaliyofuata niliyajibu kwa maneno mawili matatu, ilhali nilikuwa na mengi ya kusema. Nina hakika waliandika kwamba sina la kusema.

Hapa ndipo ninapofikia ugomvi wangu na sisi walimu na waandishi wa vitabu vya Kiswahili. Tuna neno ufasaha, na tumelipunguza. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ndilo lililotupa fasihi. Maana yake ni uwazi na uzuri wa kauli: maneno yaliyochaguliwa vyema, yanayofikisha maana. Siku hizi, tunapompima mtoto ‘kusoma kwa ufasaha’, mara nyingi tunachohesabu ni kasi na ulaini wa ulimi. Anayesoma mbio bila kuelewa anapata alama. Anayeelewa kila neno lakini akasimama mara nne njiani anaambiwa aketi, na wenzake wanaambiwa wamwonyeshe.

Fauka ya hayo, mtaala wetu wenyewe unaitwa mtaala wa umilisi. Wanaisimu, tangu Noam Chomsky alipofafanua dhana hizi mwaka wa 1965, hutofautisha umilisi na utendaji. Umilisi ni ujuzi wa lugha uliomo akilini. Utendaji ni jinsi ujuzi huo unavyojitokeza mtu anaposema, akiwa amechoka au anaharakishwa. Kigugumizi kimo katika utendaji. Hakigusi umilisi hata kidogo. Mtaala unaojiita wa umilisi, kisha ukampima mtoto kwa jinsi pumzi yake inavyokwenda, unalikana jina lake.

Vitabu vya fasihi simulizi navyo huwaambia wanafunzi kwamba vitanzandimi hukuza ufasaha na kurekebisha matamshi. Huenda vikamsaidia anayechanganya ‘r’ na ‘l’. Kwa mwenye kigugumizi havina dawa, maana yeye hana tatizo la kutojua sauti inavyotamkwa. Kumsimamisha mbele ya darasa atamke kitanzandimi ni sawa na kumpeleka anayechechemea kwenye mashindano ya mbio eti apone. Mwalimu anayetaka kumsaidia ana njia nyepesi: amsomeshe kwanza pamoja na mwenzake, ampe nafasi katika shairi la kukariri kwa pamoja, na anapozungumza peke yake, amngoje.

Sasa tuingie kwenye sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 260, inaeleza ulemavu kwa upana. Inataja upungufu wa mwili, wa hisi, wa akili au mwingineo, ambao una athari kubwa au ya muda mrefu kwa uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kila siku. Kisha inaongeza jambo ambalo wengi hulipita bila kulisoma: hata kama athari hiyo haipo kwa hakika, inatosha kwamba sehemu kubwa ya jamii inamwona mtu huyo kuwa nayo. Waliotunga maneno hayo hawakumtazama msemaji peke yake. Walimtazama na msikilizaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2008, unafuata mkondo huohuo: ulemavu hutokea pale hali ya mtu inapokutana na vizuizi, na mitazamo ya watu imo miongoni mwa vizuizi hivyo.

Kwa mujibu wa kipimo hicho, kigugumizi kinaweza kuwa ulemavu. Sisemi kila kigugumizi. Anayekwama mara moja kwa wiki na kucheka mwenyewe hahitaji kadi ya mtu. Lakini yule aliyeacha shule kwa kuogopa kusoma mbele ya wenzake, au asiyepiga simu hata mtoto akiugua usiku, athari yake ni kubwa na ni ya muda mrefu. Huyo sheria inamtambua, iwe jamii yake imemtambua au haijamtambua.

Kumhesabu ni kazi nyingine. Sensa ya 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Waliohesabiwa kuwa na ulemavu, miongoni mwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi, walikuwa asilimia 2.2. Ili kuingia katika hesabu hiyo, ilikupasa useme kwamba una ugumu mwingi au huwezi kabisa. Mwenye kigugumizi atajibu nini? Leo mwingi, jana kidogo, juzi haukuwapo. Na mara nyingi aliyejibu ni mwenye nyumba, kwa niaba ya wote. Mtu ambaye maisha yake yote watu wamekuwa wakimmalizia sentensi, na siku ya kuhesabiwa pia akasemewa.

Nazijua hoja za wanaopinga. Wa kwanza husema, tukikiita ulemavu tutawavunja watu moyo, wataona hawawezi. Ninawaelewa. Wapo wenye kigugumizi wasiotaka jina hilo, na hakuna anayepaswa kuwabandika. Ila neno ulemavu, katika Katiba yetu, si hukumu ya kutoweza. Ni msingi wa kudai: dakika zaidi kwenye mahojiano, ruhusa ya kujibu kwa maandishi, na ile haki ya Kifungu cha 54 ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyodhalilisha. Kifungu hichohicho hakiwahusu maafisa wa serikali tu. Kinatuhusu na sisi wenye kalamu.

Wa pili husema kwamba tutawapunja wengine. Nafasi 5 kwa kila 100 katika taasisi za umma zilikusudiwa watu wenye ulemavu, sasa je, kila mwenye kubabaika kidogo naye ajitokeze? Hoja hii ina uzito, na jibu lake limo katika maneno yaleyale ya sheria: athari kubwa, au ya muda mrefu. Mtu hupimwa, hajitangazi tu. Lakini tuwe wakweli. Sehemu kubwa ya anachohitaji mwenye kigugumizi haimpunguzii mtu mwingine chochote. Hahitaji ngazi ibomolewe wala lifti ijengwe. Anahitaji sekunde chache.

Na sekunde hizo si jambo dogo. Mfikirie mkulima wa Sagalla usiku wa manane. Mbuga ya Tsavo Mashariki iko jirani, mahindi yamekomaa, na ndovu wamevunja ua. Anapiga simu kuomba msaada. Upande wa pili unasema halo, halo, unasikia pumzi tu, unakata. Anapiga tena. Asubuhi shamba limekwisha, na majirani wanasema, si angepiga simu? Au mfikirie mkulima aliyetunza mizinga ya nyuki, ule uzio wa nyuki wa kuwazuia ndovu ambao umeipa Sagalla jina nje ya nchi. Anajua kuliko wote ni mti gani unaofaa na ni mwezi gani mzinga hubaki mtupu. Wageni wakija kutazama, anayesimama kueleza ni jirani mwenye ulimi laini. Hasara hapo ni ya nani? Wageni nao wameondoka bila maarifa waliyoyafuata.

Tunajigamba kwamba haraka haraka haina baraka, halafu hatuwezi kumngoja mtu amalize neno lenye silabi tatu. Tunasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na tunasahau kwamba methali hiyo inamwonya anayesema ovu, si anayechelewa kusema jema. Wenye Biblia na wenye Kurani wote wanaijua habari ya Nabii Musa aliyelalamikia uzito wa ulimi wake. Alipewa ndugu yake Haruni amsaidie, lakini ujumbe haukuondolewa kwake. Aliyeutumia ulimi ule kama sababu ya kutomsikiliza alikuwa Firauni.

Basi ninayo maombi machache. Kwa wahariri: serikali ikikataa kujibu, andikeni kwamba imekataa. Ikisitasita, imesitasita. Ikikwepa, imekwepa. Kiswahili hakijaishiwa na vitenzi. Kwa walimu: rudisheni ufasaha kwenye maana yake, na mpime kilichosemwa kabla ya kupima kasi. Kwa wanaohoji watu kazini, wanaopokea simu na wanaoendesha baraza: msimmalizie mtu sentensi yake, msimwambie atulie au avute pumzi, mtazameni kama mnavyomtazama mwingine yeyote, na mngoje.

Nalo lile swali la kiambishi? Sarufi imekiweka kigugumizi mahali panapotuachia uamuzi. Mtu akipata wa kumsikiliza, ki- yake ni ile ya Kisagalla: namna moja ya kusema miongoni mwa namna nyingi, yenye mwendo wake na vituo vyake. Akicheka wa mezani, akikata simu wa upande wa pili, akimkalisha mwalimu, inageuka papo hapo kuwa ki- ya kilema. Ulimi ni uleule, na maneno ni yaleyale. Kilichobadilika ni sikio.